Likizo ya majira ya baridi: nini kinakupa raha? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, nawasalimu. Tunaoishi kwenye baridi kali tunajua Desemba inavyoweza kumkunja mtu. Jioni haijafika vizuri, giza limeshatanda. Shule zimefungwa, kazi zimesimama, na baada ya siku chache nyumba nzima imejikunyata kwenye makochi, kila mtu na simu yake. Mimi naipenda sana likizo hii, na naamini inanoga pale mtu anapoacha kuisubiri ipite akaanza kuitumia, pamoja na giza lake na baridi yake. Kwa hiyo nakaribisha visa vyenu. Niambie kile unachokifanya wewe mwenyewe na unakirudia kila mwaka kwa sababu unakipenda. Kikiwa cha bure, vizuri zaidi, maana mwisho wa mwaka mifuko imeshachoka.

Naanza mimi na taa za barafu. Chukua ndoo ya plastiki, ijaze maji karibu na ukingo, iweke nje usiku ambao baridi imeshuka chini ya sifuri. Maji huanza kuganda juu na pembeni, kwa sababu huko ndiko joto linakotorokea, na katikati hubaki majimaji. Kazi iko kwenye kuvizia. Ukiwahi, kuta zinakuwa nyembamba na zinapasuka. Ukichelewa, umepata gogo la barafu lisilo na nafasi ya mshumaa. Muda unategemea ukali wa baridi ya usiku ule, kwa hiyo mimi naangalia unene wala siangalii saa. Kuta zikifika sentimita mbili au tatu, inatosha. Ingiza ndoo ndani, imwagie maji ya uvuguvugu kwa nje, barafu itaachia yenyewe. Igeuze, toboa upande uliokuwa chini kwa sababu ndio mwembamba, mwaga maji yaliyobaki, weka mshumaa.

Mahali ambapo hakugandi tumia friza: chombo kikubwa, ndani yake kidogo kilichowekewa mawe ya kukikandamiza, maji yakae kwenye mwanya kati ya viwili hivyo. Watoto wetu wanapenda njia hii kuliko ile ya ndoo, kwa sababu kwenye mwanya huo wanapachika majani makavu, vitawi na matunda mekundu ya porini wanayookota siku nzima. Ukiwasha mshumaa, angalia ukuta kwa karibu: utaona vipovu vyembamba vimejipanga kama nyuzi kuelekea katikati. Ni hewa iliyokuwa ndani ya maji, barafu inapoganda inaisukuma itoke. Mtoto akishaona hivyo hataki tena kuingia ndani, na wewe unajikuta umesimama nje kwenye baridi unajibu maswali kwa furaha.

Haya, mwageni yenu.

Mkesha

Asante mleta mada. Kwangu mimi likizo hii ni anga. Watu wanalalamika usiku ni mrefu, sisi tunaopenda nyota tunaona tumepewa zawadi. Huhitaji kukesha, kwani kabla ya mlo wa jioni kumeshakuwa giza la kutosha na hata mtoto mdogo anaweza kutazama kisha akawahi kulala.

Kila mwaka naanza na vimondo vya Geminidi, ambavyo hufikia kilele usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba. Anga likiwa jeusi kabisa na bila mwezi vinaweza kupita 100 kwa saa. Karibu na taa za mji utaona vichache, lakini utaona. Vimondo vingi vya mwaka hutokana na mavumbi ya nyotamkia. Hivi vinatokana na mwamba, asteroidi iitwayo Phaethon iliyogunduliwa mwaka 1983. Vinaonekana vikitokea upande wa Mapacha, kundinyota linalochomoza mapema jioni, ndiyo maana havimlazimishi mtu kuamka usiku wa manane.

Jinsi ya kutazama: usisimame, utaumia shingo. Lala chali juu ya kitu kikavu kinachozuia baridi ya ardhini, jifunike hadi kidevuni, na simu iache ndani. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga wa kioo cha simu unakurudisha mwanzo. Sisi tunafunika tochi kwa karatasi nyekundu.

Vimondo vikishapita, kundinyota la Jabari (Orion) na ule mkanda wake wa nyota tatu liko pale majira yote ya baridi. Fuata mkanda kwenda chini upande mmoja unaifikia Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Upande wa pili unafika Kilimia, kile kishada cha nyota. Mwanangu aliwahi kuniuliza, je, baridi imekuja kwa sababu Jua limetukimbia? Nilifurahi mno kumwambia kwamba mwanzoni mwa Januari ndipo Dunia inapokuwa karibu zaidi na Jua, kama kilomita milioni 147. Baridi inatokana na Dunia kuinama: upande wetu umeinamia mbali na Jua, mwanga unatufikia kwa mshazari na kwa saa chache. Tulilichora swali hilo kwa tochi na mpira sebuleni, na hiyo nayo ikawa starehe ya jioni nzima.

Sweta Mbili

Mkesha, hayo ya kulala chali nje yamenivutia, ila naomba kuuliza: mnavaa nini? Mimi vidole vya miguu vinakufa ganzi kabla sijaona hata nyota moja.

Mkesha

Sweta Mbili, angalia viatu kwanza. Soksi nyingi ndani ya kiatu kinachobana zinaminya damu isipite, miguu inazidi kupoa. Soksi moja nene ya sufu na kiatu chenye nafasi ya kuchezesha vidole vinashinda soksi tatu. Mwilini vaa tabaka tabaka, na ile inayogusa ngozi isiwe pamba. Pamba inanyonya jasho inabaki mbichi, halafu inakupora joto. Sufu hata ikilowa kidogo bado inahifadhi joto. Na kula vizuri kabla ya kutoka.

Mama wa Zamu

Naomba niseme kwa niaba ya tunaofanya kazi sikukuu. Mimi ni muuguzi, na sikukuu nyingi zinanikuta wodini. Kwa miaka mingi nilikuwa nachukulia kwamba likizo ni ya wengine. Sasa nyumbani kwangu tumekubaliana kwamba sikukuu yetu ni siku ya kwanza mimi kuwa mapumzikoni, hata ikiangukia Januari. Watoto hawakuipinga kabisa. Wao wanaona wamepata sikukuu mbili. Zawadi zinafunguliwa siku hiyo, simu zinapigwa siku hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kufua.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote ni simu kwa mama yangu mzazi. Kila likizo namwomba anisimulie jambo moja tu, na ninarekodi kwa ruhusa yake. Nimegundua swali pana kama "nisimulie maisha yako" linamfunga mdomo. Lakini nikimuuliza "mama, ile nyumba mliyokuwa mkiishi ulipokuwa mdogo, mlango wake ulikuwa unafunguka upande gani?" basi anaanza mlango, anapita kizingiti, anawataja waliokuwa ndani mmoja mmoja, saa nzima inakatika. Sauti hizo ninazo, na wadogo zangu huwa nawatumia. Kwa aliye peke yake ugenini likizo hii, namshauri ajaribu. Upweke unapungua sana unapokuwa na mtu wa kumsikiliza kwa makini.

Mtembezi

Dada yangu Mama wa Zamu, ubarikiwe kwa kazi hiyo.

Mimi nina fupi. Kila siku ya likizo natoka nje mchana, jua likiwa juu kadiri linavyoweza, hata kama mawingu yamefunika. Mwanga wa nje siku ya mawingu bado unazidi kwa mbali ule wa taa za sebuleni, na mwili unautambua. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu ile huzuni inayorudi kila majira ya baridi na wakaonyesha kwamba mwanga unasaidia kuitibu. Ukiona huzuni imekulemea, hulali, huli, basi nenda kwa daktari. Matembezi peke yake hayatoshi. Kwa sisi wengine nusu saa mchana inabadilisha jioni nzima.

Kochi Langu

Nawaheshimu wote mnaotoka, lakini mtetezi wa kukaa ndani lazima awepo. Mwaka mzima naamshwa na saa. Likizo nalala hadi usingizi uishe wenyewe, kisha tunasomeana kitabu kwa sauti, kila mtu ukurasa wake, wakubwa kwa wadogo. Tunachagua kirefu makusudi ili kituvushe likizo nzima. Mwenzangu huwa anashona huku akisikiliza. Sioni kama nimepoteza chochote.

Mleta mada

Kochi Langu, hujapoteza chochote kweli. Mmeamua jioni zenu ziwe za nini na mkashikilia hapo.

Bustani Dirishani

Nami naongeza moja: kitunguu cha ua la amarilisi. Panda kitunguu hicho kwenye chungu chenye udongo mwanzoni mwa Novemba, theluthi moja ya kitunguu ibaki juu ya udongo, maji kidogo kidogo, dirishani penye mwanga. Kwa kawaida ndani ya wiki sita hadi nane linachanua, maua makubwa kuliko kiganja, wakati nje hakuna jani. Shina linakimbilia mwanga, basi geuza chungu kila siku lisipinde. Mkiwa na paka chungu kiwekeni mbali, mmea huo ni sumu kwake.

Mwana Theluji

Nimesubiri mtu ataje theluji yenyewe, nimekosa. Jamani, chembe za theluji! Weka kitambaa cheusi nje kwanza kipoe, vinginevyo zinayeyuka zikikigusa. Theluji ikianza, kinga, vuta pumzi uishikilie, tazama kwa lenzi ya kukuzia. Pembe sita, karibu kila mara, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembe sita na chembe inakua kufuata mpangilio huo. Zile zenye matawi mazuri kama unyoya hupatikana zaidi baridi ikiwa karibu nyuzi 15 chini ya sifuri huko mawinguni. Baridi ikiwa tofauti, unapata vijiti au visahani.

Mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, alifanikiwa kupiga picha ya chembe moja kwa kuunganisha kamera na hadubini, mwezi Januari 1885. Hakuacha hadi kufa kwake. Alipiga zaidi ya 5,000. Leo lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inakufikisha pazuri. Mimi na binti zangu tunazichapisha, tunazigeuza kadi za mwaka mpya. Bibi yao ana ukuta mzima.

Kijana wa Ndege

Uzi mtamu sana huu. Yangu ni kuhesabu ndege. Zamani huko Marekani watu walikuwa na mashindano ya kuwinda siku ya Krismasi, nani ataua wengi. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman akapendekeza wahesabu badala ya kuwaua, na watu 27 wakatoka siku ile ya Krismasi. Hesabu hiyo inafanyika mpaka leo, kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, na wanasayansi wanaitumia kujua ndege gani wanapungua.

Hata usipojiunga na yeyote, majira haya ndiyo mwafaka kwa anayeanza. Miti haina majani, ndege hana pa kujificha. Na utamkuta amevimba hadi amekuwa mviringo: ametutumua manyoya ili anase hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Mimi na babu mmoja jirani yangu tunatoka alfajiri na daftari, hatuongei sana. Tukirudi tunabishana ni ndege gani tulimwona kwenye ua, na ubishi huo naupenda kuliko kitu chochote cha Desemba.

Sweta Mbili

Kijana wa Ndege, nikitaka kununua darubini ya mkononi ninunue ipi? Naona zimeandikwa namba tu, 8x42, 10x50, sielewi.

Kijana wa Ndege

Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Chukua 8x42. Inayokuza mara 10 inaleta ndege karibu zaidi, lakini kila mtikisiko wa mkono nao unakuzwa, na kwenye baridi mikono inatetemeka. Lenzi ya 42 inaingiza mwanga wa kutosha kwa alfajiri zetu hizi za giza. Kabla ya kulipa, iweke machoni ukiwa umevaa glavu zako uone kama unaweza kuzungusha kile kigurudumu cha katikati. Na usiku utaigeuzia Kilimia, Mkesha atakuambia.

Mkesha

Nathibitisha. Kwa macho matupu wengi huona nyota sita au saba pale. Kwa 8x42 utaona makumi. Kaa chini, egemeza viwiko kwenye magoti, picha itatulia.