Tupeane uzoefu: aibu uliyoisahau mpaka rafiki akakukumbusha

Mtoto wa Kibokoni
Nimekaa barazani na wenzangu tuliokua pamoja, kahawa chungu, kashata, maongezi ya kawaida. Mara mmoja: "Ehe, na ile pilau ya watu?" Wote hoi kwa vicheko, mimi natoa macho. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa.

Nilialikwa walima. Mji wa Kale wa Mombasa mwaujua, msimu wa harusi kila kichochoro kina turubai. Nikaona turubai, nikavua viatu, nikajipachika kwenye sinia na wanaume nisiowajua. Kula nikala. Ubaya nikaanza kunung'unika, wali mlima mzima, nyama ya kutafuta kwa tochi. Mzee aliyekuwa akigawa kachumbari akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe wa upande gani?" Nikamtaja bwana harusi. "Aa, huyo yuko mtaa wa pili. Lakini maliza kwanza."

Haya, semeni na nyinyi. Sharti iwe ulisahau mwenyewe, ukakumbushwa.

Jirani wa Turubai
Kama ni mzee ninayemdhania, huyo ni ami yangu. Na nyama ilikuwa tele, wewe ulikaa upande mbaya wa sinia.

Mia Nane
Jina langu hapa ndiyo hadithi yenyewe. Juzi nilichungulia simu ya shosti wangu nikakuta amenihifadhi "Mia Nane". Nikamuuliza, akacheka mpaka akakaa chini.

Ilikuwa usiku wa taarabu, harusi ya wanawake watupu, Majengo. Wimbo ukanipata hasa, kuna jirani nilitaka ujumbe umfikie. Nikainuka kumtunza mwimbaji, mwili wote waimba, nikampa noti ya elfu. Nilikuwa nimekusudia mia mbili! Basi nikamsogelea sikioni nimwombe chenji, yeye aimba huku akikataa kwa kichwa, na maikrofoni iko mdomoni pake. Ukumbi mzima ukasikia: "Nirudishie mia nane." Yule jirani ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Mpita Njia
Mimi fupi. Biashara Street, duka la madera. "Samahani dada, nipishe." Dada hakunipisha. Dada ni sanamu.

Mwalimu wa Tudor
Msijitese. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha mwaka 2000 jaribio walilowavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kijana angeona haya kuivaa, kisha wakawaingiza kwenye chumba cha wenzao. Waliovaa walikisia karibu nusu ya watu wameiona. Walioiona kweli ni kama robo tu.

Mia Nane
Mwalimu, hao hawakushika maikrofoni.

Msafiri wa Likoni
Kisha hawa marafiki huongeza chumvi. Mimi niliteleza kwenye ngazi za feri na kapu la maembe. Aliyekuwa nami alianza kusema niliangukia watu wawili. Sasa hivi ni abiria wote pamoja na nahodha, na maembe yamekuwa mafenesi. Nami sina ushahidi wa kumpinga, kwa sababu sikumbuki!

Bwana Leso
Langu lilikumbushwa siku mbaya kuliko zote. Tumekwenda kuposa, msemaji wetu ni rafiki yangu wa chuoni. Katika kunisifu akasema, "Huyu ni mvumilivu tangu mdogo," halafu akaeleza jinsi tulivyokuwa tukiogelea karibu na Fort Jesus, wao wakanifichia nguo, nikabaki majini mpaka maji yakaanza kupwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Wazee wa watu kimya, wameinamisha vichwa. Kutoka chumba cha ndani tukasikia sauti ya bibi yake mchumba: "Kumbe ndiye yule! Mimi ndiye niliyempa leso ya kujisitiri, na hajairudisha mpaka leo."

Posa ilikubaliwa. Tulipofika kwenye mahari, leso ile ikatiwa hesabuni.