Kuhamisha video ya simu kwenye DVD yenye manukuu ya lugha mbili

Swali

Ndugu zangu, salaam. Nimewarekodi wazee wa ukoo wetu huko Lushoto wakisimulia kwa Kisambaa habari za koo, mashamba na matambiko, na sasa ninayo video moja ya MP4 yenye urefu wa saa 2 na dakika 10, iliyopigwa kwa simu. Wajukuu wengi waliokulia Dar es Salaam hawakisikii Kisambaa, na waliozaliwa Uingereza hata Kiswahili kinawapiga chenga, kwa hiyo nimeandaa mafaili mawili ya manukuu ya aina ya SRT, moja la Kiswahili na jingine la Kiingereza. Naomba kuelekezwa namna ya kutengeneza diski itakayosomwa na deki ya kawaida ya DVD iliyopo sebuleni kwa wazee, huku mtazamaji akiweza kuchagua lugha. Kompyuta yangu inatumia Windows. Aidha, maneno kama "ng'ombe" yanaonekana na alama za ajabu badala ya ritifaa, na kadiri video inavyosonga mbele manukuu yanazidi kuachana na sauti.

Jibu la kwanza

Ndugu, hongera kwa kazi hiyo. Kwanza ifahamike kwamba deki ya kawaida haitafuti faili la MP4 wala SRT. Inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, ambamo picha imebanwa kwa mfumo wa MPEG-2, na kwa PAL, mfumo wa televisheni uliozoeleka kwetu na Uingereza pia, picha hiyo huwa ya pikseli 720 kwa 576 na fremu, yaani picha mojamoja, 25 kwa sekunde. Manukuu nayo, ndani ya DVD, si maandishi tena: kila sentensi hugeuzwa kuwa picha ndogo yenye rangi zisizozidi nne, ambayo deki huiweka juu ya video kwa wakati wake. Ndiyo maana nakusihi urekebishe kila kosa la tahajia na la muda kabla ya kutengeneza diski, kwa sababu ukishachoma huwezi tena kufungua sentensi moja na kuisahihisha.

Alama za ajabu zinatokana na faili kuhifadhiwa kwa usimbaji mmoja, yaani namna kompyuta inavyoandika herufi, na kusomwa kwa mwingine. Lifungue kwa Subtitle Edit, programu ya bure ya kuhariri manukuu, hakikisha ritifaa zote zimekaa sawa, kisha lihifadhi upya kwa usimbaji wa UTF-8.

Kuhusu kuachana na sauti, pima kwanza ni kosa la namna gani. Manukuu yakichelewa kwa sekunde zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, inatosha kuyasogeza yote kwa pamoja. Lakini wewe unasema tofauti inazidi kukua, na hapo ninaishuku simu: simu nyingi hurekodi fremu zisizo na kasi moja, na baadhi ya programu za kuhariri huhesabu kana kwamba kasi haibadiliki. Ipitishe video kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, ukichagua kasi thabiti ya fremu 25 na ubora wa juu, halafu ndipo urudi Subtitle Edit, uoanishe sentensi moja ya mwanzoni na moja ya mwishoni na sauti yake, nayo programu itazinyoosha zilizo katikati. Ukianza na manukuu kabla ya video, utairudia kazi yote.

Baada ya hapo tumia DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, ambayo pia ni ya bure. Chagua PAL, ingiza video, kisha ongeza mafaili yote mawili ya SRT na kuweka lugha ya kila moja. Herufi ziwe nyeupe zenye ukingo mweusi, mistari isizidi miwili, na usizisogeze sana pembeni, maana televisheni za zamani hukata kingo za picha.

Jibu la pili

Nakubaliana na mengi, ila kwa wazee ningechagua njia nyingine. Mzee ambaye hajawahi kubonyeza kitufe cha manukuu kwenye rimoti ataiona video bila maandishi na kudhani diski ni mbovu. HandBrake inaweza kuyachapa manukuu ya Kiswahili ndani ya picha yenyewe, yakabaki humo daima.

Jibu la tatu

Hoja ya rimoti ni ya kweli, lakini manukuu yaliyochapwa ndani ya picha hayaondoki, na wazee hao wanaojua Kisambaa ndio wasioyahitaji. Ninaona ni vyema sura zao zibaki safi. DVDStyler inakuruhusu kuweka menyu, na kila kitufe cha menyu kinaweza kuamriwa kuanzisha video pamoja na manukuu fulani. Weka vitufe vitatu, yaani Kisambaa bila maandishi, Kiswahili na Kiingereza, na hakuna atakayelazimika kutafuta kitufe kingine kwenye rimoti.

Muulizaji

Nashukuru sana, nitafuata njia ya menyu. Je, saa 2 na dakika 10 zitaenea kwenye diski moja?

Jibu la tatu

Zitaenea. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ambazo kwa sekunde zako 7,800 ni takriban megabiti 4.8 kwa sekunde kwa kila kitu. Ukitoa sauti na kuacha nafasi kidogo, iwekee picha megabiti 4.4. Kwa watu walioketi wakizungumza, bila mwendo mwingi, ubora huo unaridhisha. Kama kuna ngoma au matembezi marefu mashambani, gawa masimulizi kwenye diski mbili. Kabla ya kuchoma, iagize DVDStyler itengeneze faili la ISO, yaani faili moja lenye diski nzima, ulifungue kwa VLC, programu ya kuchezesha video, na kujaribu vitufe vyote vitatu, kisha uchome kwa kasi ya wastani na kuijaribu nakala ya kwanza kwenye deki ileile ya wazee kabla ya kuzitoa nyingine.