Viungo vya jikoni na bakteria: tupeane uzoefu, hata pale vilikataa

Wapendwa, hii baridi ya Julai kila nyumba Nairobi inanuka tangawizi na limau na kila mtu ana dawa yake. Naomba tukusanye zile za viungo, useme ulitumia nini, kwa ugonjwa gani, ulitumiaje, na kama haikusaidia pia useme. Nauliza juu naona watu wakinunua amoksili hata kwa mafua, na mafua ni virusi, amoksili ni antibayotiki, dawa ya bakteria, haina kazi hapo. Halafu kuna wenye mtoto ana homa siku baada ya siku na bado anapewa tangawizi tu. Zote mbili zinaniuma.

Naanza na karafuu. Jino la nyuma lilinishika usiku maduka ya dawa yamefungwa, mama akaniambia kwa simu niiume polepole upande ule ule, nisiimeze. Jino likafa ganzi nikalala. Ni ile yujenoli iliyo kwa mafuta ya karafuu, inatia ganzi na inaua bakteria, hata madaktari wa meno huichanganya na zinki oksaidi kuziba jino kwa muda. Lakini asubuhi nilienda kliniki, kwa sababu shimo halizibwi na karafuu.

Mama wa Kayole: Kweli dada. Ila mafuta yenyewe ya karafuu yapunguzeni na mafuta ya kupikia, yakiwa makali yanachoma ufizi. Na mtoto anayeota meno asipakwe kabisa, akiyameza ni sumu.

Wa Eastleigh: Kwetu ni kitunguu saumu. Ponda halafu uache kama dakika 10 ndio utie kwa sufuria, kwa sababu ile alisini, kemikali yake inayoua bakteria, haiko kwa punje nzima, inajitengeneza ukishaponda, na moto ukiwahi haitengenezeki. Koo ikianza kuwasha nakula kibichi na asali, inatulia. Asali msimpe mtoto hajafikisha mwaka 1. Na kwa ngozi tafadhali msijaribu, jirani wetu kwa ploti alifungia kitunguu saumu kibichi kwa kidonda cha mguu usiku mzima, kufungua bandeji ni malengelenge matupu.

Kijana wa Umoja: Mzee wangu anatumia warfarin ya kuzuia damu isigande, na daktari alimkataza kula kitunguu saumu kwa wingi, inaweza kumzidishia kutoka damu. Mwenye ana mzazi kwa dawa hizo aulize kwanza.

Mama Pilau: Mimi ni maziwa moto, manjano na pilipili manga kidogo. Manjano peke yake hayaingii sana mwilini, pilipili manga ndio inayasukuma. Koo hulainika, lakini kama ni manjano ama ni yale maziwa moto, siwezi kuapa.

Wa maabara: Ngoja niwaeleze kile mimi najua. Kwa sahani ya maabara mafuta ya karafuu na ya mdalasini yanaua bakteria kweli kweli. Sasa hayo ni mafuta yaliyokamuliwa, kikombe cha chai hakina nguvu hiyo, na yakifika kwa damu yamepungua sana. Ndio maana hapo juu mnasifu mdomo na koo, pale kiungo kinagusa chenyewe. Mkojo unaochoma, kifua chenye homa, taifodi, hizo nendeni mpimwe. Tena viungo vya kusaga, hasa pilipili manga, huweza kubeba bakteria kama Salmonella, kwa hivyo kidonda kioshwe na maji safi na sabuni, msikinyunyizie chochote cha jikoni.

Mama wa Kayole: Na mdalasini kila siku?

Wa maabara: Ule mnene mgumu unaouzwa sana ni kasia, una kemikali ya asili inaitwa kumarini, ukizidi kila siku unasumbua ini. Kwa chai ya kawaida hauna shida, ni ile ya kulamba vijiko ndio mwache.

Asanteni sana, hii ya kidonda naipeleka kwa chama chetu leo. Mwenye ametumia iliki kwa harufu ya mdomo naye alete.