Naomba ushauri: mdahalo wa Jumamosi, nimepewa upande mgumu

Wadau, hamjambo. Jumamosi vijana wetu hapa Kisumu wana mdahalo: je, haki za wapenzi wa jinsia moja ziamuliwe kwa kura ya maoni? Nimetwikwa upande wa kupinga. Jana nilipotaja jambo hili kibandani Dunga, mzee mmoja akaniuliza, "Kwani mwalimu, umeanza kutetea nini?" Nikabaki nimeshika kichwa cha samaki wangu wa ngege, sina jibu.

Nilicho nacho: mwaka 2015 Ireland iliruhusu ndoa hizo kwa asilimia 62, na Desemba hiyo hiyo Slovenia wakazikataa. Romania 2018, kwenye kura ya kuzizuia kikatiba, waliojitokeza hawakufika hata asilimia 30 iliyohitajika, kura ikafa. Hoja yangu ni kwamba wachache hawawezi kushinda hesabu ya wengi.

Shida ni hapa kwetu. Ibara ya 45 inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti, na katiba yenyewe tuliipitisha kwa kura 2010. Tena ibara ya 255 inadai kura ya maoni ukigusa Sheria ya Haki. Wakinirushia hilo (na watanirushia, nawajua), nijibu vipi? Wanasheria mliomo humu, nisaidieni kabla ya Ijumaa.