Rekodi ya Chepngetich ifutwe au ibaki?

Mpenda Riadha:
Wakuu, salaam. Najua habari si mpya, ila bado inanikera. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10. Rekodi aliyoivunja, ya Tigst Assefa wa Ethiopia, ilikuwa 2:11:53, yaani kakata karibu dakika mbili kwa mkupuo mmoja. Machi 2025 akapimwa, mkojo ukakutwa na hydrochlorothiazide, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, na Oktoba akafungiwa miaka 3. Rekodi imebaki! Sababu eti sampuli ilichukuliwa Machi 14, kwa hiyo matokeo yanayofutwa ni ya kuanzia siku hiyo tu. Mimi nasema ifutwe. Anayepinga alete hoja, matusi apeleke kwingine.

Kamba Mbili:
Ifutwe, na za wenzake wote zifutwe. Wakenya wameshatuzoesha. Rita Jeptoo EPO (dawa ya kuongeza damu), Jemima Sumgong EPO, Asbel Kiprop EPO, Wilson Kipsang EPO, mpaka nimechoka kuhesabu. Simbu wetu wa Tanzania kabeba dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 na hakuna aliyeona maajabu.
Halafu utetezi wenyewe wa Chepngetich! Eti nilikuwa naumwa nikameza dawa za beki tatu. Mtu ana dola laki moja za ushindi wa Chicago, akiumwa anaenda kupekua begi la hausigeli. Hawa mabeki tatu siku hizi ni famasi zinazotembea. Sukari ikipungua ni wao, mkojo ukichafuka ni wao.

Msafiri wa Iten:
Kamba Mbili, pole pole ndugu yangu. Kipsang hakupatikana na EPO wala dawa nyingine yoyote. Alifungiwa miaka 4 kwa sababu wapimaji walimtafuta mara kadhaa wakamkosa, na alipoulizwa akapeleka picha ya ajali ya barabarani, kumbe ajali ni ya tarehe nyingine kabisa. Ni aibu, sikatai. Lakini mpe kila mtu kesi yake.
Na hiyo ya Simbu tuliiona, alimshinda Mjerumani kwa kifua pale kwenye utepe, nampa heshima zake. Ila nyinyi mnapata medali moja kila baada ya miaka arobaini halafu mnageuka walimu wa riadha?

Kamba Mbili:
Miaka arobaini ya wapi? Simbu huyo huyo alichukua shaba London 2017. Na ukitaka ya zamani, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch mwaka 1974, dakika 3:32.2, kaongoza toka bastola inalia mpaka utepe. John Walker nyuma yake. Na wa tatu unamjua? Ben Jipcho. Mkenya.

Msafiri wa Iten:
Jipcho ambaye mashindano hayo hayo alichukua dhahabu ya 5000 na ya kuruka viunzi na maji. Hilo umelisahau kidogo tu.

Mama Nasra:
Mimi riadha siijui sana, nilikuwa nasoma tu. Lakini wewe Kamba Mbili una binti nyumbani kwako anaamka alfajiri kuandaa watoto wako waende shule, halafu unakuja hapa kumwita beki tatu na famasi inayotembea? Hao wanaoitwa beki tatu wana majina.
Na nimetafuta hiyo dawa ni ya nini. Ni ya presha na kuvimba mwili. Sasa kama kweli dada wa kazi alikuwa nayo, maana yake yeye ndiye mgonjwa. Bosi kameza dozi ya mgonjwa wake, na katika kelele zote hizi hamna hata mmoja aliyeuliza huyo dada presha yake ilikuwaje.

Mpenda Riadha:
Mama Nasra heshima yako, ila hatujui kama dawa ilikuwa yake kweli. AIU, kitengo kinachosimamia kesi za dawa kwenye riadha, wenyewe hawakuumeza huo utetezi. Mwanzoni alisema hajui imeingiaje, baadaye sana ndiyo akakumbuka dada wa kazi.

Nesi wa Zamu:
Niongeze kidogo kitaalamu. Hiyo dawa haimpi mtu mbio, inamkojoza. Mkimbiaji wa marathoni kujipunguzia maji mwilini kwa hiari ni balaa. Imepigwa marufuku kwa sababu mkojo ukiwa mwingi na mwepesi, kilichojificha ndani kinakuwa kigumu kuonekana. Kiwango ambacho maabara inatakiwa kuripoti ni nanogramu 20 kwa mililita. Chake kilikuwa 3,800. Hapo hatuzungumzii chembe zilizodondokea kwenye chai.
Lakini jamani, mnahangaika na mwanamke mmoja wa Chicago. Mimi zamu zangu sipokei wakimbiaji, napokea vijana wa jimu. Matiti yameota, chunusi mgongo mzima, presha ya mzee wa miaka sabini kwenye mwili wa kijana. Mwingine kaoa, mke anasemwa na mawifi kwamba hazai, kumbe ukipima mbegu za mume hakuna kitu. Jimu nyingi za hapa mjini ni sindano tupu za homoni za kujaza misuli. Ukiona kifua, jua kuna bomba nyuma yake.

Kocha Chuma:
Nesi hapo umenigusa na sitanyamaza. Mimi nina jimu uswahilini mwaka wa kumi na kitu sasa. Njoo uione. Vyuma vyangu ni gia za Scania zimechomelewa kwenye bomba la maji, benchi ni mbao za machinjio ya zamani, kioo kimepasuka kona. Vijana wanakuja saa kumi na moja jioni wametoka kubeba mizigo sokoni, wanapiga chuma mpaka isha, wanaenda kula ugali dona na maharage kwa mama ntilie. Wana vifua kama milango. Hiyo sindano ya laki na ushee wataitoa wapi?
Mnatukosea sana. Kijana akiwa na kitambi mnamcheka, akijenga mwili mnasema kachoma sindano. Hizo sindano ziko kwenye jimu za viyoyozi, za watu wanaotaka mwili wa miaka mitano ndani ya miezi mitatu kwa sababu kuna harusi au anatoka kwenye video ya msanii. Kwangu mtu akija na kichupa namfukuza.

Kamba Mbili:
Kocha, tunakuamini, ila ile picha yako ya wasifu mbona shingo haionekani? Kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya mabega.

Kocha Chuma:
Ni mazoezi ya shingo. Njoo nikufundishe, ulivyo na maneno mengi utahitaji shingo ya kubebea hicho kichwa.

Nesi wa Zamu:
Kocha, sikusema jimu yako. Kama wanaishi kwa dona na maharage, Mungu awazidishie. Lakini usiwape watu imani kwamba masikini hachomi. Wanachanga watatu wananunua kichupa kimoja, na mbaya zaidi wanachanga na bomba la sindano. Hilo tu peke yake linatosha kukuletea virusi vya ini au UKIMWI kabla hata dawa yenyewe haijaanza kazi.
Na kazi yake ni hii: testosteroni, yaani homoni ya kiume, ikiingia kutoka nje, ubongo unaona imejaa, unaacha kuziagiza korodani zitengeneze. Zinasinyaa. Mbegu zinaisha. Ukiacha ghafla, ya nje haipo na ya ndani haijarudi, ndiyo unakuta jamaa lenye mikono mikubwa linalia lenyewe chumbani na kwa mke halifanyi kitu. Damu inakuwa nzito, msuli wa moyo unanenepa. Wengine wamefika kwenye trenboloni, ambayo wenye ranchi Marekani wanawapandikizia ng'ombe wanenepe kabla ya kuchinjwa. Kipimo chake kwa binadamu anakupangia nani? Mshikaji wa benchi la jirani.

Lango la Kusini:
Nasoma nacheka. Mimi natumia na sijifichi. Niko mlangoni kwenye klabu usiku. Nilivyokuwa na kilo 68 niliomba kazi kila mahali, wananiangalia wanasema tutakupigia. Nilivyofika 95 nikapigiwa. Meneja hakuniuliza cheti cha shule wala nimekula nini, alinishika mkono tu akaguna. Mimi sishindani na mtu, simwibii mtu medali. Chepngetich kamwibia aliyekuwa wa pili. Mimi nimemwibia nani?

Nesi wa Zamu:
Mkeo, kama unataka watoto.

Lango la Kusini:
Ninao wawili, asante kwa kujali.

Kocha Chuma:
Umemwibia yule wa kilo 80 wa dona na maharage aliyeomba kazi hiyo hiyo. Ni kijana wangu huyo, sio wewe tu uliyekuwa unaambiwa tutakupigia.

Msafiri wa Iten:
Huyu wa mlangoni amesema jambo. Hapa kwetu ni hivyo hivyo. Asubuhi ukisimama kando ya barabara ya Iten, mji wetu wa wakimbiaji Kenya, utaona makundi kwa makundi yanapita kwenye vumbi, na wote hao wanatafuta ajenti mmoja awapeleke mbio moja ya Ulaya. Mtu amekimbia miaka mingi, shamba la babake limeuzwa kipande kwa kipande kumlisha, hajawahi kuona ndege isipokuwa ile inapita juu. Anakuja mtu na sindano, anamwambia dakika mbili tu ndizo zinakutenga na nyumba ya mawe Eldoret. Wengine wanaona Bahrain ndiyo njia, na huko pia yanawakuta, muulizeni Ruth Jebet, Mkenya aliyehamia huko akafungiwa kwa EPO. Kwa hiyo usiseme Wakenya, sema pesa. Serikali iliahidi mwaka 2022 dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 ya kupambana na hii kitu, sheria iko tangu 2016, na bado kila mwezi kuna jina.

Kamba Mbili:
Sema pesa, sema njaa, lakini Ethiopia nako kuna njaa na orodha yao haifiki hapo. Na mbona Omanyala, mkimbiaji wenu wa mita 100, hamumtaji? Alifungiwa miezi 14 mwaka 2017, leo ana 9.77 rekodi ya Afrika mnampigia makofi.

Msafiri wa Iten:
Alichomwa sindano ya maumivu ya mgongo yenye betamethasone, akatumikia adhabu, akarudi. 9.77 ni ya 2021. Adhabu ikiisha imeisha, ama unataka afungwe maisha?

Mpenda Riadha:
Jamani, mada! Nilishauliza jambo moja. Tazameni Rhonex Kipruto. Rekodi yake ya dunia ya kilomita 10, dakika 26:24 pale Valencia Januari 2020, ilifutwa mwaka 2024, kwa sababu pasipoti yake ya damu, yaani kumbukumbu ya vipimo vyake vya miaka, ilionesha damu imechezewa kuanzia 2018. Maana yake kurudi nyuma kunawezekana wakitaka. Kwa nini kwa Chepngetich hawataki?

Msafiri wa Iten:
Kwa sababu Kipruto walikuwa na damu ya miaka, mistari inapanda inashuka wanaiona. Kwa huyu wametegemea mkojo wa siku moja. Huwezi kumfutia mtu mbio za Oktoba kwa mkojo wa Machi, hata kama roho yako inakuambia. Nami roho inaniambia, usidhani. Siku ile Chicago mwandishi wa Marekani alipomuuliza ana kwa ana kama watu wamwamini, wanasiasa wetu walikuja juu wakitaka aombwe radhi. Sasa wamenyamaza wote. AIU walisema wataendelea kuchimba yaliyokutwa kwenye simu yake. Wakipata ushahidi, wafute. Wasipopata, ibaki na kidonda chake.

Mpenda Riadha:
Hiyo ni hoja. Siikubali lakini ni hoja. Assefa basi anaambiwa nini?

Mama Nasra:
Mimi bado niko pale pale. Kamba Mbili umejibu ya Bayi, umejibu ya Omanyala, umejibu mpaka ya shingo ya Kocha. Yangu umeiruka. Huyo binti wako akiumwa, nani anamnunulia dawa?

Kamba Mbili:
Mama, ulikuwa utani tu wa mtandaoni. Binti yetu tunaishi naye kama mtoto wetu. Anakula tunachokula, akiumwa wife anampeleka zahanati, na Jumapili ni mapumziko yake.

Mama Nasra:
Jumapili nzima, au baada ya kufua?