Wacherokee kuchuma mboga ndani ya hifadhi: haki au upendeleo?

Mleta mada:
Wakuu, naleta hii tuichambue. Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, Marekani, ilianzishwa 1934 kwenye milima ya Wacherokee, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, ambao wengi wao serikali ilikuwa imewafukuza kwenda magharibi mwaka 1838. Waliobaki wako jimbo la North Carolina mpaka leo, wamepakana na hifadhi.

Wana mboga yao, sochani. Kiangazi hutoa maua ya njano yenye petali zilizolegea na kitovu cha kijani, na hurefuka kumpita mtu. Wapishi hawangojei maua. Wanaitaka ikiwa changa, theluji ikishayeyuka: wanaichemsha, wanamwaga maji, halafu wanaikaanga kwa mafuta ya nguruwe.

Kwa miaka mingi kuichuma hifadhini lilikuwa kosa. Mwaka 2016 kanuni za hifadhi za taifa zikabadilishwa, kabila linalotambuliwa na serikali kuu likaweza kufanya makubaliano ya kuchuma mimea kwa matumizi ya jadi, si ya kuuza. Wacherokee wakapata yao 2019, kwa sochani, tena kwa vibali.

Mimi nasema ni haki yao, na wamecheleweshewa. Mtalii yeyote anaruhusiwa kuchuma matunda pori akala palepale. Mwenyeji akichuma majani ndiyo awe mwizi?

Kipanga:
Mkuu, umetanguliza huruma. Pale wanaingia watu zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Ukilegeza kwa mmoja, wengine watadai. Leo sochani, kesho rampi, vile vitunguu pori vinavyochukua miaka kukomaa. Hifadhi ilivipiga marufuku kwa sababu watu walikuwa wanang'oa mpaka mzizi.

Mleta mada:
Hapo ndipo penyewe. Sochani haing'olewi. Unakata majani, shina la chini ya ardhi linabaki, linachipua tena. Usizihukumu mboga mbili kwa kosa la moja.

Mama Nuru:
Mimi kinanikwaza kingine. Hifadhi ilipoanzishwa, hata familia za wazungu wa milimani, kama za bonde la Cades Cove, zilihamishwa. Nao walikula mboga za humo. Wajukuu wao mbona hawana kibali?

Mleta mada:
Swali zito, Mama. Ila Wacherokee wanaingia kama taifa lenye serikali yake na mikataba na Washington, siyo kama familia moja moja. Wale wengine walilipwa ardhi yao, wengine kwa shingo upande, sikatai.

Kipanga:
Kwa hiyo hoja yako ni mikataba au ni mizizi? Maana kama ni mizizi, yeyote anayejua kukata vizuri aruhusiwe.

Mama Nuru:
Na kama ni mikataba, rampi nazo zirudi mezani. Wapo Wacherokee ambao desturi yao ni kukata juu ya mzizi na kuuacha udongoni. Kipanga, hao unawakatalia kwa lipi?