Naomba ushauri: nimetenganisha picha za jicho la kushoto na la kulia, zote zimetoka nyembamba

Mpigapicha wa Makole: Habari za jioni wakuu. Nilipiga michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, kwa kamera mbili zilizofungwa kwenye ubao mmoja, kisha nikaunganisha picha ubavu kwa ubavu katika fremu moja ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, kwa Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, kwa ajili ya televisheni ya 3D ya mteja. Sasa anataka picha ya kila jicho peke yake, azitazame kwa miwani ya simu. Nikikata fremu katikati, kila upande unatoka mwembamba, na nikiuvuta unapoteza ukali. Nitumie nodi gani, yaani kisanduku gani cha kuhariri picha ndani ya Blender? Kazi inatakiwa Ijumaa na silali.

Fundi Area D: Mkuu, chunguza kompyuta kwanza. Mimi nilihangaika miezi minne na mashine ya mtumba, nikidhani kosa ni langu, kumbe kumbukumbu ilikuwa ndogo.

Nodi na Nyuzi: Kompyuta haihusiki. Fremu yako ni ya pikseli 1920 kwa 1080, na uliihifadhi ikiwa imebanwa, kwa hiyo kila jicho lilibakiwa na pikseli 960 tu kwa upana. Ukikata katikati na kuzidisha upana mara mbili, umbo litarudi, lakini pikseli zilizotupwa hakuna nodi itakayozirudisha. Picha za awali ziko wapi?

Mpigapicha wa Makole: Zipo, ila kuzipata ni kazi. Naomba tubaki kwenye nodi.

Nodi na Nyuzi: Kama zipo, ziingize kila moja kama mtazamo wake na uache kubana. Ziko wapi, ndugu?

Mpigapicha wa Makole: Nilizifuta. Kesho yake nilikuwa na harusi ya kupiga picha, na kadi za kumbukumbu za kamera zote mbili zilikuwa zimejaa. Hata hivyo malipo ya awali nimekwisha kuyapokea, na nimeanza kuandaa njia nyingine: nachukua picha ya kushoto, naisogeza kidogo pembeni, inakuwa jicho la pili. Mteja si mtaalamu, sioni ubaya wake.

Mzee wa Kizota: Mwanangu, ubaya upo. Ukisogeza picha nzima, kila kitu kinasogea kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mwamba utaonekana kama karatasi iliyosogezwa mbele au nyuma. Kina hutokana na kitu cha karibu kupishana zaidi kuliko cha mbali. Mteja amelipia mwamba wenye mashimo na mabonde yake, nawe unataka kumpa karatasi.

Shahidi wa Chang'ombe: Mimi nina shaka na kisa hiki. Mtu anaunganisha picha mwenyewe, anaitazama, halafu haoni kwamba imebanwa kwa nusu? Uzi huu umetungwa.

Mpigapicha wa Makole: Sijatunga. Watu wa kwenye michoro ya Kolo walichorwa kwa rangi nyekundu, warefu na wembamba kama vijiti. Nilipowaona wembamba zaidi kwenye kioo cha kompyuta, sikushtuka. Nilishtuka jana nilipofika kwenye fremu ambayo mwongozaji wetu amesimama kando ya mwamba, uso wake umekuwa mwembamba kama wa mtu aliyebanwa na mlango.

Shahidi wa Chang'ombe: Nimekuelewa, na naomba radhi. Hilo ni la mtu aliyefika pale.

Nodi na Nyuzi: Je, harusi ilijaza kadi zote mbili?

Mpigapicha wa Makole: Ya kamera ya kushoto ilijaa. Ya kulia nilipiga picha chache tu mwishoni.

Nodi na Nyuzi: Basi usiandike chochote tena kwenye kadi ya kulia, kwa sababu kufuta huondoa orodha tu, na data hubaki hadi iandikwe juu. Tumia programu ya kurejesha mafaili, na uhifadhi utakachopata kwenye diski nyingine. Ukipata jicho la kulia kamili, liweke pamoja na la kushoto lililovutwa. Jicho moja likiwa na ukali mdogo kuliko jingine, ubongo huvumilia na kina hubaki. Mteja mweleze ulivyofanya.

Mpigapicha wa Makole: Kadi ya kulia nimeitoa kwenye kamera sasa hivi. Nitampigia mteja asubuhi.